Mara Tano kwa Usiku Mmoja

Mkamburi alizaliwa Wusi, kwenye milima ya Taita, akaolewa Wusi, na huenda angezeekea huko huko kama shamba la mumewe lisingekuwa kipande cha mteremko kilicholiwa na mvua kila mwaka. Mwaka wa arobaini na nne yeye na Solomon waliteremka Voi kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge, wakiwaambia wazee kwamba watakaa misimu miwili tu. Walikaa miaka kumi na moja. Solomon alisukuma vigari vya reli vilivyobeba majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Mkamburi aliwekwa kwenye uwanja wa kuanikia. Singa, zile nyuzi za mkonge, zilipotoka mashineni, mbichi na zenye harufu kali, wanawake walizibeba mabegani wakazitandaza juu ya nyaya, safu baada ya safu, kisha wakarudi kuzigeuza. Ilikuwa kazi ya kusimama. Tangu kipande cha reli kigongwe saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, hapakuwa na mahali pa kukaa wala ruhusa ya kukaa.

Mwezi wa pili mwaka wa hamsini na tano, Solomon alipanda treni kwenda Taveta kumwona ndugu yake, akiahidi kurudi na mikungu miwili ya ndizi. Siku ya nne karani alimwita Mkamburi ofisini akamsomea telegramu. Homa ilimpanda Solomon siku ile ile aliyofika, na usiku wa tatu ikamchukua. Mkamburi alipofika Taveta, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Joto la kule halimngoji mtu. Alionyeshwa udongo. Alikaa siku mbili kwa shemeji yake, akarudi Voi, na Jumatatu asubuhi alikuwa uwanjani akianika singa.

Hakulia Taveta, wala hakulia Voi. Binti yake Peris, aliyeolewa huko huko milimani, alishuka kumpa pole akamkuta akifua shuka.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Unalala?"

"Nalala."

Peris alikaa naye siku tatu akingoja neno la tatu, halikuja, akarudi kwa watoto wake. Wanawake wa uwanjani walinong'onezana kwamba Mkamburi ana moyo mgumu. Yeye mwenyewe hakuuona mgumu wala laini. Mikono ilifanya kazi yake, miguu ilikwenda ilikotumwa, mdomo ulijibu salamu, na ndani hapakuwa na mtu wa kuyaona hayo yote.

Chumba cha mtu na mkewe hakiachiwi mjane. Kabla mwezi haujaisha alihamishwa kwenye safu za wanawake walio peke yao, wale tuliozoea kusema wanakaa "laini", akawekwa chumba kimoja na Syokau, mwanamke wa Kikamba mwenye sauti kubwa na usingizi mwepesi.

Mkamburi hakupika tena ipasavyo. Kumpikia mtu mmoja ni kuchoma kuni bure, alisema. Alisonga sima asubuhi, nusu akaila, nusu akaifunika mpaka jioni ikawa baridi na ngumu. Kitoweo chake kilikuwa samaki wa chumvi kutoka ziwa Jipe, ambao mchuuzi mmoja aliwaleta kila wiki kwa treni ya Taveta. Samaki yule hana kazi: humweka juu ya makaa akapata moto, basi, ukamla, na chumvi yake ikakaa ulimini mpaka kesho. Baada ya kula Mkamburi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, miguu chini, hadi saa nne au saa tano. Hakuwa akifanya lolote. Kitanda kilikuwa pale pale, lakini hakuona haja ya kukiendea.

Ilipofika mwezi wa nne, aliona kwamba jioni akivua akala zake, vile viatu vya matairi, kamba zimemchora mitaro juu ya miguu. Vifundo vya miguu vilikuwa vimepotea. Asubuhi vilionekana tena. Hakumwambia mtu. Kisha usiku ukaanza kumwamsha.

Mwanzoni ilikuwa mara moja, halafu mara mbili. Baada ya majuma machache zikawa nne na tano. Alikuwa akilala kidogo tu, kibofu kimejaa pomoni, anainuka. Na haikuwa matone ya mtu mwenye maumivu. Yalikuwa maji mengi, meupe, ya mtu aliyekunywa mtungi. Vyoo vya laini vilikuwa mbali na vyumba, mwisho kabisa wa uwanja, pale ambapo mkonge unaanza. Kwa sababu ya nyoka kila mtu alikwenda na kandili. Mkamburi aliiwasha, akafungua mlango uliolia, akaenda, akarudi, akaizima. Baada ya saa moja na nusu aliiwasha tena.

"Mama Peris," Syokau alisema usiku mmoja, uso umefunikwa kwa shuka, "huo mlango utaufungua mara ngapi?"

"Naenda haja."

"Si umetoka huko sasa hivi?"

"Nimetoka. Naenda tena."

"Ni maji. Wewe wanywa maji kama ng'ombe wa Marungu. Acha maji, utalala, na mimi nilale."

Ilionekana shauri la akili. Mkamburi akaacha maji. Siku mbili nzima, kwenye jua la Voi linalopasua mawe, pipa la maji likapita mbele yake uwanjani na yeye akalipisha. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, nyaya ziliinama, uwanja ukazunguka, akaanguka chini pamoja na mzigo wa singa. Nyapara wao, Kitheka, alimwagia ndoo kichwani na kumlazimisha kunywa vikombe viwili.

"Mwataka kunifia hapa, niulizwe mimi?" alifoka.

Hata hizo siku mbili za kiu, usiku Mkamburi aliamka mara nne. Syokau alikaa kitandani akamtazama akifunga mlango.

"Hukunywa hata tone. Yanatoka wapi?"

"Sijui."

"Hili si la kawaida. Labda umerogwa."

"Labda," Mkamburi alisema, kwa sauti ya mtu anayeambiwa mbuzi wa jirani amepotea.

Wakati ule nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari. Sisi watu wa Taita vita vile vya msituni dhidi ya serikali ya kikoloni vilikuwa mbali nasi, lakini kambi kubwa ya mahabusu ilikuwa karibu, kwenye njia ya Nairobi, na kila baada ya siku nyingi uvumi ulipita kwamba wawili watatu wametoroka na wamejificha nyikani. Uvumi wa namna hiyo ulipofika mwezi wa sita, shamba lililetewa askari wa kulinda usiku. Askari mmoja kijana, mgeni, aliwekwa upande wa vyoo. Usiku wa kwanza aliona taa ikitoka laini, ikaenda mpaka ukingoni mwa mkonge, ikasimama, ikarudi. Baada ya muda ikaja tena. Alihesabu mara tano. Usiku wa pili, mara tano. Usiku wa tatu, ilipokuja mara ya nne, alitoka gizani na bunduki yake.

"Simama! Weka taa chini!"

Mkamburi aliiweka.

"Nani yuko huko ndani ya mkonge?"

"Hakuna mtu."

"Unapeleka nini?"

"Sina kitu." Akanyoosha mikono yote miwili ili aonyeshe. Kisha akasema, "Baba, niache kwanza niende chooni, halafu unipeleke unapotaka."

Askari hakumwacha mpaka alipoona kwamba angejisaidia pale pale mbele yake. Ndipo akamgeuzia mgongo amalize, kisha akamchukua.

Alfajiri alisimamishwa mbele ya sajini wa askari wale, katika chumba cha polisi. Huyo alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza masikioni, amekaa nyuma ya meza na buti zake zimelegezwa kamba. Alisikiliza habari za askari, kisha akamtazama mwanamke yule mwembamba mwenye miguu mizito.

"Mama, unampelekea nani chakula?"

"Simpelekei mtu."

"Basi unampa nani ishara kwa taa?"

"Naenda haja ndogo."

"Mara tano?"

"Mara tano. Siku nyingine nne."

Askari kijana akacheka. Sajini hakucheka. "Mimi nimezaliwa na mama, na nina mke. Hakuna mwanamke anayekojoa mara tano kwa usiku mmoja, labda awe na mimba. Una mimba?"

"Mume wangu amekufa."

"Nimeuliza, una mimba?"

"Sina."

"Wajua mtu anayewasaidia wale watu hupelekwa wapi?"

"Nimesikia."

"Na huogopi?"

Mkamburi alilifikiria swali lile kwa uaminifu. Alijitafuta ndani, huku na huku, kama kuna hofu mahali. Hakukuta kitu. Kufungwa na kutofungwa, chumba cha polisi na chumba cha Syokau, vyote vilikuwa kuta nne na mlango.

"Siogopi," alisema. "Kama hamniamini, nifungieni humu na mweke ndoo. Mhesabu."

Sajini alimpima tena kwa macho. Mtu mwenye hatia huapa, hulia, hutaja watoto. Huyu alikuwa amesimama tu, na hakuomba lolote. Mwishowe alimtuma askari akamlete dresa wa zahanati ya shamba.

Dresa huyo aliitwa Obadiah, Mdawida, yaani Mtaita kama Mkamburi, wa upande wa Wundanyi, aliyejifunza kazi katika hospitali ya misheni kabla ya kuja Voi. Alikuwa mpole, mwenye mazoea ya kusafisha miwani kwa kona ya koti lake jeupe kila alipotaka kufikiri. Alimsalimia Mkamburi kwa Kidawida, akamkalisha kwenye benchi, akauliza yaliyompata tangu mwanzo. Aliuliza kuhusu kiu, kuhusu pumzi, kama hukosa hewa akilala chali. Aliuliza anakula nini, na aliposikia samaki wa Jipe jioni saba kwa juma, akasafisha miwani. Kisha akasema, "Sajini, nipe mama huyu siku mbili. Mambo haya yanapimika."

Ndivyo Mkamburi alivyolala siku mbili katika chumba cha nyuma cha zahanati, juu ya kitanda cha chuma. Obadiah alimpa kikombe kimoja cha kunywea, asinywe kwa kingine, na jagi la bati lililochorwa mistari ubavuni. Mchana alikwenda kazini kama kawaida, askari kijana nyuma yake amebeba kikapu chenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa, na uwanja mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko. Usiku askari yule alikaa nje ya mlango. Kila Mkamburi alipoamka, alibisha, akatoa jagi nje, na askari akachora mstari mmoja wa chaki mlangoni. Aibu ilipaswa kumshika mama mtu mzima kwa hilo. Haikumshika. Aliyeinamisha macho alikuwa askari, na usiku wa pili, alipopokea jagi mara ya tano, alisema kwa sauti ndogo, "Pole, mama."

Jioni ya kwanza Obadiah alimwita sajini. Alimwomba Mkamburi anyooshe mguu, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akahesabu taratibu hadi ishirini, akaondoa. Pakabaki shimo. Sajini alilitazama likikaa pale kama alama kwenye unga uliokandwa. Naye akabonyeza kwa kidole chake. Shimo la pili.

"Hauumi?"

"Hauumi."

Asubuhi yake, kabla Mkamburi hajashuka kitandani, Obadiah akamleta sajini tena. Kidole kilibonyeza pale pale. Ngozi ikarudi juu mara moja, na vifundo vya miguu vilikuwa vimejitokeza, vikavu.

"Yamekwenda wapi?" sajini aliuliza.

Obadiah akamwonyesha jagi.

Siku ya tatu alikuwa na kila kitu kwenye karatasi. Mchana mama amekunywa vikombe kumi, na mkojo wa mchana ni vikombe viwili. Usiku hakunywa kitu, na mkojo wa usiku ni vikombe vitano na zaidi. Alikuwa pia amechemsha mkojo pamoja na dawa ya bluu ili kutafuta sukari, na ile bluu ikabaki bluu. Akauchemsha peke yake na tone la siki, haukufanya ukungu. "Hana sukari, na figo hazivuji," alisema. "Moyo nimeusikiliza, unapiga vizuri."

"Basi ugonjwa gani huu?"

Obadiah akavuta kiti. "Sajini, maji unayoyakunywa hayashuki moja kwa moja kwenye kibofu. Utumbo unayafyonza, yanaingia kwenye damu, na moyo unayasukuma mwili mzima. Mengine yanatoka kwa jasho, mengine kwa pumzi. Na mengine yanapenya kwenye mishipa myembamba, yanakaa kwenye nyama chini ya ngozi. Mtu akitembea, misuli ya miguu inayakamua na kuyarudisha juu. Huyu mama hatembei. Amesimama mahali pamoja tangu alfajiri, halafu jioni anakaa kwenye kigoda miguu chini mpaka usiku mkubwa. Maji yanafuata mteremko, kama maji yote. Na ile chumvi ya samaki inayashikilia, haiyaachi yatoke."

"Na usiku?"

"Usiku analala. Miguu inakuwa sawa na moyo, hakuna mteremko tena. Maji yale yanarudi kwenye damu pole pole. Damu ikiongezeka mwili unajua kwamba umejaa, na figo zinapewa kazi ya kutoa. Zinatoa, kibofu kinajaa, mama anaamka. Analala, yanarudi mengine. Ni hivyo mpaka miguu ikauke, na kumekucha."

Mkamburi alikuwa ameketi akitazama ukuta, kana kwamba wanasema habari za mtu mwingine. Hapo akageuza kichwa.

"Na zile siku nilizoacha kunywa?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwa mtu yeyote tangu mwezi wa pili.

"Ulikausha damu, mama, lakini miguu ilikuwa bado na akiba ya siku zilizopita. Ndiyo maana mchana ulianguka kwa kiu, na usiku ukaamka umejaa."

Mkamburi aliitikia kwa kichwa taratibu. Obadiah akaendelea, "Kuna na umri. Kijana akilala, ubongo unazituma figo zipunguze kazi mpaka asubuhi. Mtu akipita hamsini, amri ile inafifia."

"Akipita hamsini?" sajini aliuliza upesi.

"Kwa wengi."

Kisha sajini, akidhani hakuna anayemwangalia, aliinama chini ya meza, akashusha soksi moja na kutazama mstari uliochorwa na mpira wa soksi juu ya mguu wake mwenyewe. Aliipandisha. Akachukua kalamu akaandika kwamba taa ya laini ni ya mgonjwa aendaye chooni, hana kosa, arudishwe kazini.

Tiba ya Obadiah haikuwa dawa. Anywe maji yake asubuhi na adhuhuri mpaka yamtoshe, na jioni apunguze. Samaki wa chumvi aache. Akiwa amesimama kwenye nyaya apandishe visigino na kuvishusha, mara nyingi kadiri awezavyo. Na akitoka kazini saa tisa, kabla ya jambo jingine lolote, alale chali muda wa saa mbili, miguu juu ya kitu kilichoinuka kuliko moyo, ili maji yarudi mchana na yatoke mchana. "Na siku utakapoamka asubuhi miguu ingali imevimba," alisema, "au ukikosa pumzi kitandani, usimngoje mtu. Njoo siku hiyo hiyo. Hapo litakuwa jambo la moyo au figo, na nitakupeleka hospitali."

"Asante, mwanangu," Mkamburi alisema. Alikusudia kutofanya hata moja. Si kwa ubishi; hakuona tofauti.

Aliyeona tofauti ni Syokau. Alikuwa amelala peke yake kwa siku mbili, akagundua kwamba hawezi kulala. Mkamburi aliporudi, alimkuta ametandika kitanda, na mwisho wake ameweka robota dogo la singa mbovu zilizokataliwa kiwandani.

"Lala."

"Nina nguo za kufua."

"Lala, Mama Peris. Nguo nimefua. Nimewaambia uwanja mzima kwamba wewe si mchawi, ni miguu. Usinifanye mwongo."

Akalala, miguu juu ya robota, akiangalia bati la dari. Kabla jua halijatua alikuwa amekwenda chooni mara tatu, katikati ya watu na watoto, bila taa. Jioni Syokau alipika kunde kwa mchicha, chumvi kidogo tu, akamtazama mpaka akamaliza. Mambo yalichukua muda. Juma la kwanza aliamka mara nne, halafu tatu. Mwezi wa nane ulipoingia alikuwa akiamka mara moja, karibu na alfajiri.

Halafu ukaja usiku mmoja ambao hakuamka kabisa. Alifumbua macho kwa mlio wa kipande cha reli, mwanga umekwisha ingia mlangoni. Alivaa, akanywa uji, akaenda uwanjani amechelewa. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alibeba mzigo wa kwanza, akautandaza. Akabeba wa pili. Akiwa kwenye safu ya tatu mikono ilisimama juu ya waya, ikakataa kuendelea. Alikaa chini mchangani, chini ya singa zilizokuwa zikidondosha maji.

Kitheka akaja mbio. "Umeanguka tena?"

"La. Nimekaa."

"Umeumia wapi?"

Mkamburi alimtazama muda mrefu. "Kitheka, Solomon amekufa."

Nyapara alivua kofia. Alikuwa mtu wa makelele, na sasa hakujua aiweke wapi sauti yake. "Najua, Mama Peris. Tangu mwezi wa pili. Tulichanga."

"Mlijua ninyi," alisema. "Mimi nimejua leo."

Wanawake wengine walisimama na mizigo mabegani. Kitheka aliangalia upande wa ofisi, kisha akageuka akawapigia kelele kila mtu aendelee na kazi, isipokuwa mmoja. Akamwacha akae. Alikaa pale mpaka kivuli cha nyaya kilipohama. Hakulia hata hivyo, au alilia kidogo mno kiasi kwamba mtu wa safu ya pili asingeona. Halafu akainuka, akajipangusa mchanga, akachukua mzigo.

Wala usidhani kwamba tangu siku hiyo ganzi iliondoka. Ilirudi jioni ile ile, na iliendelea kukaa naye mwaka ule na mwaka uliofuata, ikitoka kwa muda mfupi na kurudi. Lakini alianza kupika. Alianza kuuliza maswali: mtoto wa Katunge amepona surua? Mchicha wauzwaje? Mwezi wa kumi na mbili alipanda treni ya Taveta, akakaa juma zima kwa shemeji yake, akapalilia kaburi na kupanga mawe pembeni, moja baada ya jingine, akichagua yaliyolingana.

Mwaka wa hamsini na saba Peris alishuka tena Voi. Safari hii hakuja kutoa pole. Alikuwa na mimba ya nne, na shamba la mteremko lilikuwa limewekewa matuta ya mawe yaliyozuia udongo usichukuliwe na mvua.

"Mama, nahitaji mtu," alisema.

Mkamburi alikuwa akichambua kunde. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukawa safi. "Lini?"

"Ukiweza, mwisho wa mwezi."

Syokau alimsindikiza hadi kwenye lori lililopanda milimani. Walisimama kando ya barabara, kila mmoja akitazama mahali pake.

"Nitawekewa mwingine chumbani," Syokau alisema. "Atakoroma, najua."

"Mwambie alale ubavu."

Lori likaja. Mkamburi alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia la mtama la mtu, na Syokau akampa mkono mpaka dereva alipopiga honi.

Wusi hakuna mahali pa kusimama. Kila kitu ni kupanda na kushuka. Kutoka nyumbani kwa Peris hadi mtoni ni mteremko, na kurudi ni mlima, na miguu ya Mkamburi haikuvimba tena isipokuwa siku za harusi na mazishi, akikaa mno. Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, msichana, mzito. Mkunga alimkabidhi bibi yake akiwa bado hajafutwa vizuri, kisha akarudi kumhudumia mama. Mkamburi alimshika kama mtu anayeshika kitu cha mwenyewe na kungoja aje kukidai. Alikaa hivyo muda mrefu. Nje, wanaume walikuwa wakipasua kuni, na mvua za vuli zilikuwa bado hazijaanza.

"Mama," Peris aliita kutoka kitandani, "ni mzima?"

"Mzima," Mkamburi alisema. "Ana njaa. Sogea nikupe."